Mwanafunzi na Kaa Langu la Moto

Anzia kwenye kiberiti, mjukuu wangu, kwa maana kila aliyemjua huanzia hapo. Mwanafunzi alikuwa nacho kiberiti. Alikifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akakitia chini kabisa ya sanduku lake, na sikumwona akikiwasha hata mara moja. Kila asubuhi alivuka ua akiwa na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu ubavuni, akasimama mlangoni pa jiko langu na kuomba kaa la moto. Alikuwa ameona kwamba sisi wanawake wa boma lile tulipeana moto asubuhi, na kwamba habari zote zilipita pamoja na moto: nani ameugua, nani ameamka na hasira, omena, dagaa wetu wa ziwani, wamefika kutoka Muhuru au hawajafika.

"Mwenye kiberiti hajui lolote, Mama," aliniambia.

Nilimfundisha jambo moja tu kuhusu kuomba moto. Siku za kwanza aliupokea kwa shukrani ndefu, asante kwangu, asante kwa jiko, mpaka kaa likapoa ndani ya kopo. Nikamwambia kwamba mlangoni pangu moto haushukuriwi. Anayepewa moto anageuka na kwenda kuutumia. Tangu hapo alipokea, akanyamaza, akaenda.

Hapa sitasimulia alizaliwa wapi wala na nani. Nchi yake alinitajia. Iko ng'ambo na ina baridi, nami sikuona haja ya kulitunza jina lake. Jina lake mwenyewe nalo litakaa kwangu. Boma zima lilimwita Japuonjre, yaani mwanafunzi, naye aliitika. Wapo waliodhani kwamba ni jina la kumshusha. Mimi niliyemtazama kwa karibu najua kwamba alilivaa kama cheo.

Alikuja miaka ile ya kwanza baada ya bendera kubadilishwa. Chuo cha kwao kilikuwa kimemtuma asome katika chuo cha kwetu, na chuo cha kwetu kikamtuma kilimani kuchora ohinga. Waeleze wasomaji wako wa mbali kwamba ohinga ni mji wa kale wa mawe. Kuta zake ni nene na ndefu kumpita mtu, zimepangwa bila udongo wala saruji, jiwe limeshika jiwe. Ndani yake ua umezaa ua, na milango ni mifupi hivi kwamba anayeingia huingia ameinama, hata awe chifu. Mwanafunzi alikuja kila kiangazi kwa misimu kadhaa, na kila kiangazi alichora ua mmoja au miwili, akapima, akafuta, akapima tena.

Baba mkwe wangu alinikabidhi nimtunze kwa sababu ya Kiswahili. Mimi nilikua Masara, baba yangu akichimba dhahabu, na machimboni watu wa makabila mengi walielewana kwa Kiswahili au hawakuelewana kabisa. Shuleni sikukanyaga. Kiswahili cha Mwanafunzi kilikuwa cha kitabu, changu kilikuwa cha shimoni, yeye alipokuwa akitafuta "naomba unisaidie," mimi nilikuwa nimekwisha sema "leta." Tulikutana katikati, na hapo katikati tulikaa vizuri. Ndiyo maana nimekuamuru uandike habari zake kwa lugha hii, wala si kwa Dholuo.

Tulikuwa wanawake wa rika moja, lakini aliniita Mama, kwa kuwa mimi nilikuwa na mume na mtoto na yeye alikuwa na sanduku. Sikumkataza. Heshima ikija yenyewe, haiulizwi umri.

Alikuwa mkarimu wa kila kitu isipokuwa karatasi. Sukari aligawa, chumvi aligawa, sweta yake alimvisha mama mkwe wangu siku ya baridi na hakuidai. Lakini karatasi zake zilikaa ndani ya turubai, juu ya ubao mpana wa kuchorea, na hakuna aliyezigusa. Siku moja mume wangu alimwomba kipande cha kufungia chumvi.

"Karatasi hizi zina kazi, Baba," Mwanafunzi akasema.

"Hata hiyo iliyo tupu?"

"Hasa iliyo tupu."

Mume wangu alilichukua neno hilo akalifanya mzaha wa nyumba nzima. Sahani ikiwa haina mboga, alisema ina kazi, hasa ikiwa tupu. Mwanafunzi alicheka pamoja nasi, na karatasi hakutoa.

Ujasiri wake ulikuwa umegawanywa vibaya. Kule juu ya mawe nilimwona akimwinua nyoka kifutu kwa ncha ya fimbo, akamweka upande wa pili wa ukuta, akarudi kwenye kipimo chake kama mtu aliyesogeza kiti. Na mtu huyo huyo hakuweza kupita karibu na jogoo. Jogoo wa baba mkwe alilijua hilo, akawa anamsubiri njiani. Nilimuuliza inawezekanaje.

"Nyoka ana mpango," akajibu. "Jogoo hana."

Kuhusu dini alisema hana, ila Jumamosi yetu aliishika kuliko sisi. Baba mkwe alikuwa Msabato kamili siku ya Sabato, na siku sita zilizosalia alikuwa Mjaluo kamili. Hakuona ugomvi kati ya hayo mawili, na hakuna aliyethubutu kumwonyesha. Mwanafunzi alimfuata katika yote. Jumamosi hakushika kalamu, hakuteka maji, hakuosha nywele. Mama mkwe alimhurumia akamwambia kwamba Mungu hahesabu nywele. Akasema yeye hajui Mungu anahesabu nini, ila anajua kwamba Baba wa boma anatazama.

Usidhani kwamba tulipatana kila siku. Juu ya ohinga tuligombana kwa miaka. Yeye alitaka kujua nyumba ipi ilikuwa ya nani, nami nilimweleza kama nilivyolelewa: nyumba ya mke wa kwanza hutazama lango, ya pili huwa upande mmoja, ya tatu upande wa pili, wana huwa karibu na lango. Alisimama kwenye duara la mawe, akatazama lango, akatikisa kichwa.

"Hapa hakuna nyumba inayotazama lango, Mama. Labda waliojenga walikuwa watu wengine. Labda hawakuwa na mke wa kwanza."

"Hakuna watu wasio na mke wa kwanza," nikamwambia.

Alifikiri kwa muda mrefu, akakubali kwamba hilo ni kweli. Duara hakulisogeza. Hata leo sijui nani alikuwa sahihi, na siombi kujulishwa.

Sasa andika habari ya siku ile, na uiandike kwa mpangilio.

Mimi nilikuwa nimeolewa muda mrefu kuliko inavyopendeza, na bado nilikuwa nikipika ndani ya boma la baba mkwe. Kwetu mwanamume hutoka kwa baba yake akaanzisha boma lake, dala, na mke asiye na dala yake bado ni mgeni hata akizaa watoto kumi. Hakuna chombo nilichokiweka mahali bila kuwaza kwamba siku moja nitakiondoa. Mwaka ule baba mkwe alikubali. Mahali palichaguliwa: ua wa nje wa ohinga, uliokuwa mtupu tangu babu zake, wenye ukuta mzuri na maji karibu. Siku ilipangwa, baada ya mtama kuingia ghalani. Na mipango ya boma haitangazwi kwa wageni, kwa hiyo Mwanafunzi hakuambiwa.

Utaratibu wa kuhama unajulikana. Mume hubeba jogoo. Mwana wa kwanza hubeba shoka. Mke hubeba moto kutoka jiko la zamani. Moto ule ukishawaka mahali papya, pana mwenyewe. Na moto wa mtu mwingine ukikutangulia mahali ulipochagua, hapo si pako tena. Utatafuta pengine, na baba mkwe hakuwa mtu wa kuchagua mara mbili.

Asubuhi ile Mwanafunzi alikuja na kopo lake, nikamtilia kaa, tukapanda wote wawili, kwa kuwa baba mkwe alikataza msichana wa watu kutembea peke yake kwenye mawe. Alikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Kiangazi kilikuwa kinaisha, na ubao wake ulikuwa na karatasi moja kubwa ambayo ndani yake nyua zote za misimu iliyopita zilikuwa zimeunganishwa kwa wino. Walimu wake walikuwa wakiisubiri. Nyua za ndani zilikuwa tayari. Kilichobaki kilikuwa ua wa nje. Alinitembeza kwenye mji ule kana kwamba mimi ndiye niliyetoka ng'ambo. Alinionyesha mahali ambapo wanawake wa kale walisaga nafaka mpaka mwamba ukaingia ndani kama kiganja, na jiwe lenye safu za vishimo ambalo watu walichezea bao la ajua. Aliweka vidole vyake kwenye vishimo, akasema, "Tutazame kwanza." Hilo lilikuwa neno lake lingine, na alilisema hata mbele ya sahani ya chakula.

Mchana mawingu yalikusanyika juu ya ziwa. Nilikuwa nimeanika omena uwanjani. Nikamwacha pale, nikashuka mbio kuwaondoa.

Nilikuwa nimeinama juu ya mkeka niliposikia fimbo ya baba mkwe ikigonga chini.

"Nyar Masara." Ndivyo alivyoniita, binti wa Masara. "Ule moshi ni wa nani?"

Nikainua macho. Moshi mwembamba ulikuwa ukipanda kutoka kilimani, na haukutoka nyua za ndani. Ulitoka ua wa nje, kutoka ile kona ambamo ukuta unapinda na upepo haufiki, mahali pale pale nilipokuwa nimepanga mafiga yangu kichwani kila usiku kabla ya kulala.

Mume wangu alitoka, naye akaona. "Mgeni wako amepata boma kabla yangu," akasema. Ulikuwa mzaha, lakini uso wake haukucheka.

Niliwakunja omena ndani ya mkeka na magamba yakanishika mikononi. Nilijua alilolifanya bila kuambiwa. Alikuwa ameona mvua, akachagua kona kavu, akawasha moto ili nikirudi nimelowa nikute chai. Kwa wema huo nilikuwa nimepoteza nyumba.

Baba mkwe alitazama moshi kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo mtu mwingine asingeliuliza.

"Moto huo ameutoa wapi?"

"Kwangu, Baba. Jikoni kwangu, asubuhi. Ndani ya kopo."

"Hakutumia kiberiti?"

"Hatumii kiberiti kamwe. Boma zima linajua."

Mume wangu alitaka kusema, akainuliwa kidole.

"Basi mgeni hakuwatangulia," baba mkwe akasema. "Mliotangulia ni ninyi. Moto wa mke umefika, na jogoo bado anarandaranda hapa uani. Ni kinyume cha utaratibu, lakini ni moto wenu." Akatazama mawingu. "Ukizimika kabla jogoo hajafika, pale patakuwa pamewakataa, nami sitatafuta mahali pengine. Shikeni jogoo."

Kumshika jogoo yule ilikuwa vita. Mume wangu alimfukuza kuzunguka ghala mpaka akampata kwa mkia. Baba yako alikuwa mdogo. Shoka lilimzidi urefu, akalibeba begani kwa mikono miwili, na hakulia. Matone ya kwanza yalianguka tulipotoka langoni.

Na hapa waeleze wasomaji wako jambo moja. Baba mkwe alikwenda mbele, kwa fimbo, kwa kuwa ni yeye anayemkabidhi mwanawe mahali. Nyuma yake mume wangu, kisha mtoto, kisha mimi. Mwanamke hampiti baba mkwe wake njiani. Miguu yangu ingefika kilimani mara mbili kabla yao, na ilinibidi niiburute nyuma ya mzee aliyekuwa akichagua mahali pa kuweka kila unyayo, huku mvua ikizidi na moshi kule juu ukikonda. Sikuwa na kitu mkononi. Kitu nilichopaswa kubeba kilikuwa kimetangulia, na aliyekishika hakujua thamani yake.

Tulipofika kwenye mteremko nikafanya lile ambalo desturi haikulikataza. Nilipaza sauti, kwa Kiswahili.

"Mwanafunzi! Usiuache uzime!"

Nikaita tena, kwa nguvu zaidi.

"Mwanafunzi, unasikia? Usiuache moto uzime!"

"Nasikia, Mama!"

Hakuuliza kwa nini. Mtu aliyeuliza sababu ya kila jiwe siku hiyo hakuuliza.

Mvua ilishuka yote. Moshi ukapotea machoni mwangu. Baba mkwe hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Tulifika langoni, tukainama mmoja mmoja, baba yako akasukuma shoka mbele yake kama anayeingiza ndama.

Mwanafunzi alikuwa amepiga magoti konani. Kijiti alichoegemezea ubao wake wa kuchorea kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo alikuwa ameushika kwa mikono yote miwili juu ya moto, kama paa. Karatasi kubwa ilikuwa bado imebanwa juu yake. Turubai alikuwa amefunikia kuni. Maji yalipiga karatasi, na wino wa misimu yote ulikuwa ukishuka mikononi mwake, ukiingia kwenye mikono ya shati, ukidondoka viwikoni, mweusi. Chini ya ubao moto ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa moto.

"Ulisema nisiuache," akaniambia.

Baba mkwe aliutazama moto, kisha ubao, kisha mikono ile. Mume wangu alihitaji mikono ili achimbie nguzo ya kwanza, akageuka huku na huku, akamnyooshea Mwanafunzi jogoo. Nilitaka kumzuia. Mwanafunzi alinipa mimi ubao, nikaushika juu ya moto wangu. Akampokea jogoo, akamkumbatia kifuani, akafumba macho. Akabaki hivyo mpaka baba yako alipogusisha shoka kwenye nguzo na baba mkwe akasema kwamba sasa pana mwenyewe.

Usiku ule tulilala pale chini ya majani yaliyokatwa haraka, kama inavyotakiwa. Mwanafunzi hakuruhusiwa kulala nasi. Alishuka na baba mkwe. Nilisikia baadaye kwamba njia nzima mzee alimbebea ule ubao, yeye ambaye hakuwahi kubeba kitu cha mwanamke.

Siku chache baadaye gari la chuo lilimjia. Alikwenda kwa walimu wake na karatasi tupu, na yeye mwenyewe alijua maana ya kurudi na karatasi tupu. Sikumshukuru. Nilimfungashia omena waliokauka vizuri, nikamwambia afunge mfuko vema. Naye hakuuliza malipo ya karatasi. Mume wangu, aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo, siku hiyo hakuutaja ule wa sahani.

Miaka ilikwenda. Mume wangu na baba mkwe nimewazika. Mwanafunzi nilimwona tena mara moja tu, na wewe ulikuwepo, kwa hiyo usibadilishe neno.

Lilikuja gari kutoka Migori, likasimama nje ya lango. Akashuka mwanamke mzee mwenye fimbo, nywele nyeupe. Hakuingia. Alisimama kwenye mlango wa mawe, ameinama nusu, akasubiri. Wewe uliniambia kuna mtalii. Nikakuambia mtalii haombi ruhusa ya kuinama.

"Pita," nikasema. "Unangoja nini?"

"Natazama kwanza, Mama."

Alikaa kwenye kigoda. Hatukulia, sisi si watu wa kulia. Alinieleza kwamba walimu waliikataa kazi yake, kwamba alirudi kwao, na kwamba baada ya muda mrefu alikuja tena na vijana wake akaupima mji upya, wakati mimi nilikuwa nimelazwa hospitalini Homa Bay, na hakunikuta. Kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaifungua magotini. Ulikuwa mji wote. Nyua za ndani, milango mifupi, jiwe la ajua, mahali pa kusagia. Kusoma sijui, lakini mji wangu naujua. Nikaufuata kwa kidole ukuta kwa ukuta mpaka nikafika ua wa nje, na hapo hapakuwa na alama yoyote. Palikuwa peupe.

"Hapa umesahau," nikamwambia.

"Sikusahau."

"Basi mbona patupu? Walimu wako hawakuuliza?"

"Waliuliza sana." Akaikunja karatasi taratibu. "Niliwaambia hapo si mahali pa kale. Hapo pana mwenyewe."

Nilikuamuru uweke chai. Ulikwenda kuwasha jiko la gesi ambalo baba yako ameninunulia, nami namshukuru kwa hilo. Mwanafunzi aligeuka akalitazama lile jiko, akanitazama mimi.

"Nilitaka kunywea chai kule juu," akasema, "kama zamani."

"Ua upi?"

"Wa ndani, Mama. Nimejifunza."

Akatoa kopo mkobani mwake. Halikuwa lile la maziwa, lakini lilikuwa limetobolewa ubavuni. Nikasimama mwenyewe, nikakukataza kunishika mkono. Nikaenda kwenye jiko la zamani nyuma ya nyumba, ambalo ninyi watoto mnalicheka kwa sababu sijaliacha lipoe, nikafukua majivu, nikachagua kaa kubwa. Nikamtilia.

Alilipokea kwa mikono miwili. Hakusema asante. Aligeuka, akainama mlangoni, akaenda kulitumia.